Kutoka Nunda hadi Kusadikika: Mtoto Mpenda Kusoma Apewe Kitabu Gani?

1.0 Utangulizi

Swali lililosababisha makala haya liliulizwa na mtoto, nami nilishindwa kulijibu. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11, anayesoma katika shule ya msingi ambamo Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, alikuja kututembelea wakati wa likizo. Ni msomaji wa kweli: husoma wakati wa chakula, husoma akisukwa nywele, na akiishiwa na vitabu husoma hata maandishi yaliyomo kwenye mifuko ya unga. Baada ya kuniamkia alisimama mbele ya rafu zangu, akaniomba kitabu chenye mambo ya ajabu. Nilipomtaka afafanue, alitaja masharti manne: kiwe na nchi isiyokuwapo, kiwe na viumbe wasiojulikana, kiwe na mtoto kama yeye, na kiwe kinene kiasi cha kutomalizika siku hiyo hiyo. Kisha akaongeza sharti la tano: "Na kiwe cha Kiswahili, Mjomba. Vya Kiingereza ninavyo, lakini navisoma nikisimamasimama."

Nilizipitia rafu hizo kutoka juu hadi chini. Vilikuwapo vitabu vya sarufi, kamusi, tenzi, riwaya za watu wazima na tasnifu za wanafunzi. Kitabu kilichotimiza masharti yote matano hakikuwapo. Jioni ile mpwa wangu alirudia kitabu chake cha Kiingereza. Hakulalamika. Mtoto mpenda kusoma halalamiki, huhama. Kuhama huko ndiko kulikonifanya niandike.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba fantasia ya Kiswahili ipo, tena ni kongwe, ila haina makao kwa msomaji aliye baina ya miaka 10 na 13. Ama tumeishusha kwa watoto wadogo, ama tumeipandisha kwa watu wazima. Aidha, tunadai kwamba sehemu ya lawama ni yetu sisi wanaisimu na wahakiki, kwa kuwa vipimo tunavyovitumia kuamua ni kitabu gani kinamfaa mtoto wa umri gani havikutokana na lugha yetu wala na jamii yetu. Kwa neno fantasia tunakusudia masimulizi ambamo mambo yasiyowezekana katika maisha ya kila siku huchukuliwa kuwa ya kweli ndani ya hadithi, yakafuata kanuni zake yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

2.0 Fantasia si ngeni kwetu

Husemwa mara kwa mara, hata katika semina zetu, kwamba fantasia ni utanzu wa Wazungu, na kwamba mtoto wa Kiafrika anahitaji kwanza hadithi zinazohusu maisha halisi. Dai hili halithibitiki. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, matini ya Kiswahili yakiwa upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Humo mna paa anayemtajirisha maskini, mna sultani wa nyoka, na mna Nunda mla watu.

Hadithi ya Nunda yafaa itazamwe kwa makini, kwani muundo wake ndio ule ule ambao waandishi wa fantasia wa lugha nyingine wameujengea vitabu vinene. Sultani ana paka ampendaye. Paka anakula ndama, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila mara sultani hukataa kumwua kwa hoja kwamba paka ni wake na alicholiwa ni chake. Paka anageuka Nunda, anaanza kula watu, na mwishowe anawala hata wana wa sultani mwenyewe. Hapo mwana mdogo, aliyekuwa akidharauliwa, anafunga safari kwenda kumtafuta. Kila mara humwua mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, na kila mara mama yake humwambia kwamba huyo siye. Mna ndani yake safari, hofu inayokua hatua kwa hatua, mtoto aliye peke yake, na funzo la kisiasa ambalo msomaji mzima ataliona na mtoto hatalazimishwa kuliona.

Si Nunda peke yake. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unatupa jitu la pwani lisiloweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Utenzi mrefu wa Ras al-Ghuli umejaa mapambano yasiyo ya kawaida. Mnamo mwaka 1929 visa vya Alfu Lela Ulela vilipata kuchapishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1940 kikatoka kitabu cha Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambacho michoro yake ilimwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Kisha akaja Shaaban Robert na Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani, na Adili na Nduguze (1952), chenye mji wa watu waliogeuzwa mawe na ndugu waliogeuzwa manyani. Mtu anayetazama orodha hii hawezi kusema kwamba fantasia imeletwa kwetu juzi. Anachoweza kuuliza ni kwa nini mto huu haukuendelea kutiririka hadi kwa mtoto wa leo.

3.0 Pengo la katikati

Jibu letu ni kwamba mto umegawanyika mara mbili. Mkono wa kwanza umekwenda kwa watoto wadogo. Ngano za sungura, fisi na zimwi zimefupishwa, zikatiwa picha, zikawa vitabu vya mtoto anayejifunza kusoma. Kazi hiyo ni njema. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini Tanzania mwaka 1991, uliongeza idadi ya vitabu vya Kiswahili ambavyo watoto huweza kuvishika mikononi, na mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, umesambaza hadithi nyingi fupi za picha kwa njia ya intaneti. Lakini kitabu cha kurasa 16 hakimtoshi mtoto wa miaka 11. Hukimaliza akiwa bado amesimama.

Mkono wa pili umekwenda kwa watu wazima. Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, Walenisi (1995) cha Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) cha Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! (2002) cha Kyallo Wadi Wamitila, vyote ni vitabu vyenye mambo yasiyowezekana. Wahakiki wetu wameviandikia makala mengi, na ni haki yao. Lakini humo ajabu ni chombo cha kubebea falsafa, historia au siasa. Msomaji asiyeijua mizigo hiyo hubaki na chombo kitupu. Kumpa mtoto Nagona kwa sababu tu kina mambo ya ajabu ni sawa na kumpa mtu mwenye kiu ufunguo wa kisima asichokijua kilipo.

Baina ya mikono hii miwili pana ardhi kavu. Tuitazame kwa kigezo kimoja tu, nacho ni umri wa mhusika mkuu. Katika kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichochapishwa London mwaka 1997, mhusika mkuu anapata barua ya kuitwa shuleni anapofikisha miaka 11. Msomaji wa umri huo anajiona mlangoni. Sasa tuwatazame wa kwetu. Adili ni liwali wa Janibu. Karama wa Kusadikika ni mtu mzima anayejitetea mbele ya mfalme. Liyongo ni baba mwenye mwana. Mtoto anaweza kuwapenda wote watatu, lakini hawezi kuingia katika nafasi zao. Katika orodha nzima tuliyoitaja, ni mwana mdogo wa hadithi ya Nunda, na Elisi aliyetoka Uingereza, ndio wanaokaribiana naye.

Kuna sababu nyingine isiyopendeza kuitaja. Vitabu vingi vya watoto wa umri huu huandikwa kwa ajili ya ujumbe fulani: usafi, UKIMWI, mazingira, haki za mtoto wa kike. Hakuna hata mmoja kati ya ujumbe huo usio wa maana. Lakini mtoto mpenda kusoma hung'amua mapema kwamba hadithi imeandikwa kwa sababu ya ukurasa wa mwisho, naye huanza kuisoma kama anavyoisoma ilani ubaoni. Fantasia haiwezi kuishi katika hali hiyo, kwa kuwa inamtaka msomaji asijue safari itaishia wapi.

4.0 Kipimo cha lugha

Twende sasa kwenye jambo linalotuhusu moja kwa moja wanaisimu. Tunapoulizwa kama kitabu kinalingana na umri fulani, mara nyingi tunaazima vipimo vya usomekaji vilivyobuniwa kwa ajili ya Kiingereza. Kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo ni mashuhuri kuliko nyingi, hutazama mambo mawili: wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Neno refu huhesabiwa kuwa gumu.

Kipimo hiki kikiletwa kwenye Kiswahili hupotosha. Neno walipomwambia lina silabi 6. Katika hesabu ya Flesch ni neno la wasomi, ilhali kwa mtoto aliyelelewa katika Kiswahili ni neno la kila siku. Hulitamka kabla hajaanza shule. Kwa upande mwingine, neno dhati lina silabi 2, na neno hila pia. Kwa kipimo hicho ni mepesi kabisa, ilhali ndiyo yatakayomsimamisha mtoto. Lugha inayobandika kiima, wakati, kirejeshi na yambwa katika neno moja haiwezi kupimwa kwa rula ya lugha inayoyatenganisha.

Kwa hiyo, ugumu wa Kiswahili kwa msomaji wa miaka 11 uko wapi? Nilimwomba mpwa wangu asome Adili na Nduguze akiwa na penseli, apige mstari kila alipokwama. Jaribio hili si utafiti, wala sitaki lichukuliwe hivyo. Ni mtoto mmoja na kitabu kimoja. Hata hivyo nilichokiona kilinifanya nifikiri upya. Maneno yenye asili ya Kiarabu, ambayo nilitarajia yamshinde, mengi aliyapita. Maana yake aliipata katika muktadha. Alipokwama zaidi ni pale mtendaji alipotajwa mara moja mwanzoni mwa sentensi ndefu, kisha akawakilishwa na kiambishi a- huku pakiwa na watu wawili au watatu ambao wote wanaweza kuwa ndiye. Kwa maneno mengine, alichokipoteza si maana ya neno bali uzi wa nani alimtenda nani.

Iwapo jambo hili litathibitishwa na wengine kwa watoto wengi zaidi, basi tutakuwa tumepata msingi wa kipimo chetu wenyewe: tuhesabu umbali baina ya nomino na viambishi vinavyoiwakilisha, tuhesabu vishazi rejeshi vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, na tuache kuhesabu silabi. Hii ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa uzamili kwa gharama ndogo, na manufaa yake yatavuka mipaka ya chuo.

5.0 Ajabu iliyomo katika sarufi

Tukiwa bado katika lugha, ni vizuri tuonyeshe kwamba Kiswahili kimejaliwa nyenzo za fantasia ambazo hatujazitumia vya kutosha. Ya kwanza ni ukuzaji na udogoshaji wa nomino. Kutoka kwa nyoka tunapata joka, kutoka kwa mtu tunapata jitu na kijitu. Mwandishi hahitaji kivumishi. Ukubwa na kitisho vimo ndani ya neno.

Ya pili, ambayo ni muhimu zaidi, ni upatanisho wa kisarufi. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba nomino inayotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya M-/WA-, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kifaru amekimbia, si kifaru kimekimbia. Lakini methali yetu mashuhuri husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa nini li- na si a-? Kwa sababu zimwi limewekwa nje ya jamii ya wenye roho tunaowajua. Mwandishi akisema zimwi lilikuja, anamweka msomaji mbali na kiumbe huyo. Akisema zimwi alikuja, amekwisha kumkaribisha barazani.

Tufikirie sasa mandhari ya mtu aliyegeuzwa jiwe akirudia uhai wake: jiwe likatikisika, likapasuka, likafumbua macho, akasema. Badiliko kutoka li- hadi a- ndilo muujiza wenyewe. Hakuna sentensi ya maelezo inayohitajika, na mtoto mwenye lugha yake ataliona kabla hajaweza kulieleza. Mtoto anayeipata fantasia kwa lugha ya kigeni tu hukosa kujua kwamba lugha yake inaweza kutenda hivyo. Hasara hii haionekani katika takwimu zozote, lakini ni hasara ya kweli, na sisi tunaofundisha ngeli darasani kwa majedwali ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuihisi.

6.0 Mpaka baina ya hadithi na imani

Kipimo cha lugha hakitoshi. Mzazi anayeuliza kama kitabu kinamfaa mwanawe hafikirii sentensi tu. Anafikiri juu ya yaliyomo. Katika nchi za Magharibi mjadala huu kwa kawaida huhusu damu, mapenzi na kifo. Kwetu kuna swali lililotangulia hayo: je, mtoto atajua kwamba uchawi uliomo kitabuni ni wa kitabuni?

Swali hili si la kinadharia. Tangu mwaka 2007 hivi, dunia ilipata habari za kushambuliwa na kuuawa kwa watu wenye ualbino nchini Tanzania, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Wanawake wazee wameuawa, hasa Usukumani, kwa kutuhumiwa kuwa wachawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Katika jamii yenye historia hiyo, kitabu cha mtoto kinachomchora bibi kizee mwenye macho mekundu akiroga majirani zake hakiwezi kutetewa kwa kusema kwamba ni fantasia tu. Mtoto wa London akisoma habari za mchawi anajua kwamba hatamkuta dukani. Mtoto wetu huenda amekwisha kuonyeshwa nyumba yake.

Aidha, yako masuala ya dini. Kwa Mwislamu, majini si viumbe wa kubuni. Wametajwa katika Kurani. Kwa Wakristo wengi mapepo nayo ni jambo la imani. Mzazi anayesita kumpa mtoto kitabu cha majini hastahili kubezwa. Ana sababu ambayo mhakiki asiye na imani hiyo hana budi kuiheshimu.

Je, tuseme basi kwamba fantasia haitufai? La hasha. Mababu zetu walilijua tatizo hili, wakaliwekea ua. Ua huo ni fomula ya kufungulia hadithi. Msimulizi anaposema paukwa, na hadhira ikaitikia pakawa, pamefanyika mapatano mbele ya mashahidi kwamba tunaondoka katika dunia ya majirani na kuingia katika dunia nyingine, na kwamba tutarudi. Mtoto aliyeitikia ameshiriki katika mapatano hayo kwa kinywa chake mwenyewe.

Kitabu hakina wa kuitikia, kwa hiyo ua lazima ujengwe kwa njia nyingine. Shaaban Robert aliujenga katika majina. Kusadikika na Kufikirika (kilichochapishwa mwaka 1967, baada ya kifo chake) ni vitenzi-jina vyenye kiambishi cha kutendeka -ik-: nchi inayoweza kusadikiwa, nchi inayoweza kufikiriwa. Mpaka umechorwa katika mofolojia ya jina, hata kabla ya ukurasa wa kwanza. Katama Mkangi alifanya vivyo hivyo aliposhikanisha sentensi nzima, wale ni sisi, ikawa Walenisi. Kwa mtoto wa miaka 11, jina linalofumbuka ni furaha na ni kinga kwa wakati mmoja. Mpwa wangu alipoelezwa maana ya Kusadikika alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo haipo, lakini inawezekana." Sijapata kusikia fasili ya fantasia iliyo fupi kuliko hiyo.

Kutokana na hayo napendekeza kanuni tatu za yaliyomo kwa umri huu. Kwanza, mahali pa hadithi pawe na jina ambalo mtoto hawezi kulikuta katika ramani ya wilaya yake. Pili, mtenda ubaya awe Nunda, joka, jitu au dubwana, wala asiwe jirani mzee au mtu mwenye ulemavu. Tatu, nguvu za ajabu ziwe na gharama na kanuni, zisiwe njia ya mkato ya kupatia mali. Kanuni hizi haziondoi hofu katika hadithi. Hofu ni haki ya msomaji. Zinachofanya ni kuielekeza hofu mahali ambapo haitamdhuru mtu aliye hai.

7.0 Apewe nini leo?

Mwenye njaa hashibi kwa mapendekezo ya utafiti. Ni vyema kueleza nitakachompa mtoto huyu leo kutokana na vilivyopo.

Ningeanza na hadithi ya Nunda, nikimsomea mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa tahajia ya Steere ilitangulia usanifishaji wa miaka ya 1930 na itamtatiza. Kisha ningempa Adili na Nduguze. Wako watakaosema kwamba kitabu ambacho mtu huwachapa manyani mijeledi kila usiku hakimfai mtoto. Naelewa wasiwasi huo, lakini siukubali. Adili huwachapa kwa amri asiyoweza kuikiuka, naye hulia. Mpwa wangu alichoniuliza hakikuwa jinsi ya kuchapa, bali kwa nini mtu amlilie aliyemdhulumu. Kitabu kinachomfanya mtoto aulize swali hilo kimefaa umri wake.

Baada ya hapo ningempa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015, miaka 150 baada ya kitabu cha asili. Mtoto anayependa kuchezea maneno atakutana humo na Kiswahili kikichezewa. Ningempa pia Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, ingawa ni chembamba, na Mkasa wa Shujaa Liyongo cha Bitugi Matundura, kinachomleta Liyongo katika nathari ya watoto. Kusadikika ningekihifadhi hadi afikishe miaka 12 au 13, tukisome pamoja, tukianza na safari za wajumbe na kuziacha hotuba za barazani zije baadaye.

Orodha hiyo ni nzuri, lakini ni fupi. Msomaji wa kasi ya mpwa wangu ataimaliza kabla ya likizo kwisha. Wala hakuna ndani yake kitabu hata kimoja kinene, kilichotungwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya umri wake, chenye mtoto wa umri wake.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba pengo la fantasia kwa msomaji wa miaka 10 hadi 13 halikusababishwa na umaskini wa lugha wala wa mapokeo. Limesababishwa na watu, na watu wanaweza kuliziba. Napenda kuwaelekea wasomaji wa jarida hili hasa, kwa kuwa ndio wenye malighafi.

Katika maktaba za vyuo vyetu mna tasnifu za fasihi simulizi zilizoambatishiwa hadithi zilizokusanywa vijijini. Bibi alisimulia, mwanafunzi akarekodi, akanukuu, akachanganua, akafaulu. Hadithi ikabaki katika kiambatisho. Ilitoka katika kinywa kilichokuwa kikiwasimulia watoto, ikaishia mahali ambapo mtoto haruhusiwi kuingia. Napendekeza kwamba kila mwanafunzi anayekusanya hadithi ahimizwe kurejesha angalau moja kwa watoto, si kwa kuifupisha bali kwa kuikuza: aipe nchi yenye jina, aipe mtoto wa kuibeba, aipe kurasa 150. Napendekeza pia kwamba majarida yetu yahakiki vitabu vya watoto kwa uzito ule ule unaopewa riwaya za watu wazima, na kwamba mhakiki akisema kitabu ni cha umri fulani aeleze kwa kipimo gani.

Najua pingamizi itakayotolewa: kwamba kitabu cha watoto hakimpandishi mhadhiri cheo. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona kikifanya hivyo. Lakini lugha ambayo wataalamu wake huandikiana wao kwa wao tu, huku watoto wake wakihamia kwingine kutafuta majoka, itafika siku itakuwa na majarida bila wasomaji.

Mpwa wangu atafikisha miaka 14 baada ya miaka mitatu. Mswada utakaoanzwa leo huenda ukamkosa. Mdogo wake ana miaka 6, na ameanza kusoma.